Baridi ya Mukono wa Kulia

...na kartoni lazima iwe ya sabuni, si ya biskuti, hilo nimewaambia motari wenzangu, watu wa teksi za pikipiki, mara ngapi, ya biskuti ni nyepesi, ikipata unyevu inalegea, lakini ya sabuni inasimama kifuani kuanzia hapa Ndosho mpaka Mushaki na kurudi, unaikata kwa kisu kufuata mbavu, unaacha nafasi ya shingo, unaivaa juu ya shati, chini ya pulova, halafu koti, na koti unalivaa kinyume, zipu mugongoni, maana upepo hauna haya, unapenya kwenye zipu hata iwe ya Ulaya, na hili langu ni la Ulaya, la watu wa theluji, nililichambua katika mitumba pale Murara nikiwa nimepiga magoti muchana kutwa, Honoré, motari mwenzangu, ananicheka kwamba natafuta nguo ya bibi harusi... shida ya koti la kinyume ni moja tu, mwenyewe huwezi kujifunga, unahitaji mutu, na mutu wangu ni Clarisse, muke wangu, kila asubuhi, miaka minane sasa, ananipandishia zipu kama mutoto wa darasa la kwanza, halafu ananipiga mugongo mara mbili, maana yake nenda salama, leo amenifunga lakini hakunipiga, kwa sababu mama yake yuko pale mulangoni anaangalia. Mama yake ndiye namusubiri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, manyunyu hayaamui kama ni mvua au ni ukungu, injini nimekwisha kuiwasha ipate joto, na mama mukwe Nyirarukundo, aliyeteremka kutoka Mushaki wiki sita zilizopita kuja kumusaidia binti yake na uzazi, leo anarudi kwake, na mimi ndiye wa kumupandisha, lakini bado anafunga chumvi, anafungua, anafunga tena, anamueleza Clarisse namna ya kumuogesha mutoto, namna aliyokwisha kumueleza jana na juzi. Sina haraka. Baridi ndiyo yenye haraka, na baridi mimi naijua, wananiita Profesa pale parkingi, Profesa wa Baridi, vijana wanakuja wananigusa kifua wasikie kartoni inavyolia, wananiuliza, Profesa, kwa miguu unafanyaje, nawaambia soksi, halafu mufuko wa mukate, halafu soksi tena, halafu bote, viatu vya shingo ndefu, kwa mapaja gunia la unga chini ya suruali, mifukoni viazi viwili vya moto, vinakupasha mpaka Sake, na Sake unavila, hakuna kilichopotea, kwa mikono glavu za mupira za kuoshea vyombo ndani, za sufu juu, na mbele ya usukani bidoni, dumu la mafuta ya mawese, umeikata katikati, umeifunga kwa waya ikate upepo, watu wanasema pikipiki yangu ina masikio, waseme, wao wanatetemeka mimi sitetemeki... mukono wa kushoto, kwa mufano, sasa hivi uko kama umetoka kitandani. Wa kushoto.

"Clarisse, muulize papa Igihozo kama hilo godoro litakaa vizuri," anasema mama mukwe, yuko hatua tatu kutoka kwangu, papa Igihozo mwenyewe, namusikia kama redio, lakini nangoja Clarisse anigeukie aseme mama anauliza kama godoro litakaa vizuri, na mimi naangalia tairi la mbele, nasema mwambie mama litakaa, Clarisse anageuka anasema litakaa, ndivyo tumeishi wiki sita katika vyumba viwili, kwao mukwe na mama wa muke wake hawagusani, hawali sahani moja, hawasemezani uso kwa uso, mama hakuvunja hata siku moja, usiku ule umeme ulipokatika tukagongana kwenye korido aliomba radhi kwa ukuta. Godoro ni lile dogo la mutoto, amelikunja akalifunga kamba, analiweka katikati ya mugongo wangu na tumbo lake, ili apande pikipiki bila kunigusa, na hapo Profesa anakubali kwamba amepoteza kitu, maana hakuna koti linaloshinda abiria, abiria mnene ni blanketi la bure, ukimupata wa kilo tisini anakukumbatia kutoka Sake mpaka juu unafika una jasho mugongoni, basi leo nitapewa joto na godoro, si mbaya, sifongo nayo ina joto lake, ila mikono yake hataiweka kiunoni mwangu, atashika vyuma vya nyuma, pale tunapofunga mizigo, umri wa miaka sitini na kitu ameshika vyuma vyenye umande, na mutu aliyeshika nyuma, pikipiki ikikataa kusimama, yeye ndiye wa kwanza kuruka... injini inaenda vizuri, hii sauti ndiyo naipenda, asubuhi haijachoka. Naweka kiganja karibu na silinda. Ndiyo desturi yetu sisi sote, ukisimama tu, unavua glavu, unapasha mikono kwenye injini, hulipi kuni wala makaa, mafuta yamekwisha kuungua yenyewe. Wa kushoto unapata, unapata, unatosha, nautoa. Wa kulia naweka, unakaa, unakaa, nautoa kwa sababu nimehesabu, si kwa sababu nyingine. Ni baridi. Wa kulia unapata baridi zaidi kwa sababu ya ziwa, nilikwisha kumueleza Honoré, upepo wa ziwa unaupiga mukono wa kulia, akasema hapana Profesa, ukienda Sake ziwa liko kushoto, nikasema nikirudi je, akasema ukirudi liko kulia, sawa, lakini kwenda je, basi ungekuwa na baridi mikono yote miwili kwa zamu, akacheka, nikacheka pia, nikabadilisha maneno. Na siku ya Alhamisi, nimepakia mufanyabiashara wa jibini, tulikuwa tunateremka, mbuzi wakakata barabara kwenye kona, nikavuta freni ya mukono wa kulia, niliona vidole vyangu viko juu ya freni, vimekaa pale vizuri, lakini pikipiki haikupunguza mwendo, vidole viko pale lakini havivuti, nikakanyaga ya muguu, tukalala ubavu kwenye matope, jibini kumi na tisa zikateremka mulima zenyewe, zinaviringika mbele ya mbuzi, watoto wa njiani wakapiga makofi, mufanyabiashara akakaa chini akashika kichwa, akaniuliza ni nini, nikasema ni matope. Ni matope. Kila mutu alikubali, matope yalikuwepo, nani angebisha. Halafu Jumapili Clarisse ananivua bote, anashika soksi ya kulia, anasema papa Igihozo, hii ni damu, anageuza bote, musumari unadondoka sakafuni, musumari wa inchi mbili, akauliza umetembea nao tangu saa ngapi, nikasema sasa hivi tu, kwenye mulango, nikatabasamu, na mimi sikujua hata kama ni tangu asubuhi au tangu Jumamosi. Ni soksi, nilijiambia. Soksi mbili na mufuko wa mukate, musumari utapitia wapi. Ndiyo kazi ya soksi, kuzuia.

Mama sasa amepanda. Amesaidiwa na Clarisse, amekaa upande kama mama mwenye heshima, vitenge viwili, kichwa amekifunga, godoro linanisukuma kidogo, nasikia amelishika kwa goti, mikono iko nyuma kwenye vyuma. Bado wanaagana, Clarisse ana kichanga begani, mama anasema jina lake, anasema utakua, utakuja Mushaki kunywa maziwa, na mimi huyo mutoto sijamubeba, wiki sita, Clarisse anafikiri namuonea mama yake aibu, ni uongo mzuri, nimeuacha ukae, ukweli ni kwamba siku ya tatu nilimuchukua, na mukono uliokuwa chini ya kichwa chake ulikuwa wa kulia, na sikusikia kichwa, nilikiona, nywele, utosi unaopigapiga, nilikiona katika kiganja changu lakini kiganja hakikuniambia kitu, nikamurudisha kitandani haraka nikasema nanuka mafuta ya pikipiki. Niliogopa. Tangu siku hiyo naogopa, basi, imesemwa. Jana saa sita, jua kali la Sake, watu wamevaa singlendi, na mimi kwa mazoea nikaweka kiganja kwenye bomba la moshi, naongea na Honoré habari za mupira, Honoré akanusa hewa, akasema Profesa, kuna soksi inaungua, tukaangalia chini wote wawili, haikuwa soksi, nikafunga kitambaa nikasema bomba lilikuwa bado halijapata moto sana, na Honoré hakucheka. Hakucheka, aliniangalia tu, akaenda kununua maji. Jua la saa sita, bwana. Baridi gani ya saa sita. Baridi gani inayochagua mukono... babu yangu Ntirenganya, baba wa mama yangu, alikuwa na nyumba yake ndogo ya peke yake, nyuma ya zizi la ng'ombe, na sisi watoto tulimupenda kuliko wazee wote kwa sababu alikuwa anachukua kaa la moto kwa vidole, kaa jekundu, anawashia kiko chake taratibu, anapuliza, analirudisha jikoni, tunamuambia babu, tena, anafanya tena, anacheka na meno yake matatu, nilikwenda shuleni nikajisifu, babu yangu hachomwi na moto, mutoto mumoja akasema uongo, tukapigana. Mama alikuwa anamupelekea chakula, anakiweka juu ya jiwe mbele ya mulango, si mukononi, sikuzote juu ya jiwe, nikamuuliza mama kwa nini usimupe mukononi, akasema nenda uchote maji. Alipokufa walichoma ile nyumba na mukeka wake na kiko chake ndani. Hakuna aliyelitaja jina la ule ugonjwa kwetu, nililisoma mimi mwenyewe mwezi uliopita, nimemusindikiza Clarisse kwenye chanjo ya mutoto, ukutani kuna karatasi kubwa, picha ya mukono, ukoma, dawa ni bure, ukija mapema unapona kabisa, nikasoma mpaka mwisho halafu nikageuka, nikasimama nimeipa karatasi mugongo saa nzima, nikiwafundisha wanaume wawili kuhusu kartoni ya sabuni. Huenda si huo. Huenda ni kitu kingine, kuna magonjwa mengi ya kufa ganzi, mimi si daktari. Lakini baridi si yenyewe. Miaka miwili ninaifukuza baridi ambayo haipo, nimevaa kartoni, gunia, bidoni, viazi, glavu juu ya glavu, na wanafunzi nikapata, na jina nikapata, na kila kitu nilichovaa kilikuwa cha kunifunika nisijue.

"Clarisse," anasema mama mukwe, "muulize papa Igihozo, baridi si kali sana kwake? Naona amejikunja. Tungoje jua kidogo, mimi sina haraka." Clarisse ananigeukia. Kabla hajasema, nafumba macho. Nataka kujua kitu kimoja tu, bila kuangalia. Navuta freni ya mukono, naamuru vidole, vuta, halafu najiuliza nimevuta au sijavuta, nasubiri jibu kutoka mukononi, nasikia injini, nasikia kichanga kinanyonya kidole, nasikia manyunyu kwenye mabati, jibu haliji, nafumbua macho, kidole kimoja kiko kwenye freni na vitatu viko hewani. Barabara ya Mushaki, baada ya Sake, inapanda, inapanda, halafu kuna mahali inateremka ghafla kabla ya kupanda tena, matope mekundu, upande wa kulia hakuna kitu, ni bonde, ukidondosha jiwe hulisikii likifika, na mimi nilikuwa naenda kumupitisha pale mama wa watu, ameshika vyuma, amekaa upande, kwa adabu. "Mama anauliza," Clarisse anaanza, "kama baridi..." Nageuza kichwa, hili koti haliniachi nigeuke sana, naona tu nusu ya uso wake, kitambaa, jicho moja, ni mara ya kwanza naliona hilo jicho karibu hivi, linakimbia kuangalia chini, na mimi siangalii tairi, namuangalia yeye, nasema, "Mama, si baridi. Huu mukono hausikii kitu. Shuka, Honoré atakupandisha, mimi niende hospitali." Injini inaendelea kuunguruma. Mama hajashuka bado, mikono yake bado iko kwenye vyuma. Na Clarisse, ambaye alikuwa amekwisha kumugeukia mama yake na kufungua mudomo ili amupelekee maneno yangu kama siku zote, amebaki hivyo, mudomo wazi, hana la kupeleka.