Iveti Bila Ndinda

...na sasa wamekwenda, wamemwacha hapa juu ya jiwe kama mzigo wa kuni unaomngoja mwenyewe, ingawa Musembi ni mwanawe wa kuzaa na anajua, anajua kabisa, kwamba mama yake hawezi kubaki njiani peke yake na mkwe, lakini vijana wa siku hizi wanaiona nthoni, ile haya ya mama na mume wa binti yake, kama jambo la kusimuliwa tu, akasema, "Mami, kaa hapa upate pumzi, mimi na Wayua tunafika tu pale kwa kona tuone kama Mlima Kenya iko na theluji leo," na mtoto akarukaruka mbele ya bibi yake, "Susu, nikiiona nitapiga kelele!" wakapotea nyuma ya misonobari, mjomba na mpwa wake, vicheko vyao vikabaki kidogo hewani halafu navyo vikaenda, akabaki Munyiva, leso kichwani, na hatua chache chini yake kwenye njia akabaki Wesley, baba Wayua, muthoni wake, yaani mkwe wake, amekaa kwenye gogo na mgongo wake ameuelekeza huku kwa mkwewe, kama inavyotakiwa, kofia ameivua ameiweka gotini, mwanamume wa kiwanda cha nguo kule EPZ Athi River lakini adabu hakuiacha getini, hilo Munyiva hawezi kumnyima, adabu anayo, adabu nyingi, labda ingekuwa afadhali angekuwa na kidogo... Bwana nisamehe... upepo unapita kwenye misonobari kwa sauti ya mtu anayepepeta mahindi mbali, na chini kabisa mabati ya Machakos mjini yanang'aa, na kule ng'ambo, ukungu ukiondoka, ni Kalama, ni nyumbani, na ukijua pa kutazama unaweza kuuona hata ule mstari wa miti ya mikabakaba nyuma ya nyumba, na chini ya mikabakaba hiyo yuko Ndinda, binti yake, mwaka umekwisha juzi, waliomba, akina mama wa kanisa waliimba, chai ikanywewa, watu wakarudi makwao, na Wayua akauliza tena, kwani si mama alisema tutapanda kilima hiki cha Iveti wote, na ni kweli Ndinda alisema, alisema akiwa bado anacheka, "Mami, hata wewe utapanda, hata ikibidi tukubebe kama spika," kwa hiyo leo wamepanda, ahadi ya marehemu ni deni la walio hai, lakini ni kupanda gani huku, kila mara anageuka kumtafuta, njia ikiwa nyembamba anasikiliza kama kuna viatu vyake nyuma, Ndinda alitembea akikwaruza kisigino tangu utotoni, ulimsikia kabla hujamwona, na sasa njia nzima iko kimya, kwa sababu wao wawili, yeye na huyu wa kwenye gogo, hawajawahi kusemezana, hata mara moja, tangu siku ile wazee wa kwao walipokuja na mbuzi wao, maneno yote yalipita kwa Ndinda, Wesley sebuleni, Munyiva jikoni nyuma ya mlango, na Ndinda katikati na kitambaa begani, "Ndinda, mwambie mami muthokoi ni tamu," na Ndinda anaingia jikoni macho yanacheza, "Mami, muthoni wako anasema hajawahi kula muthokoi kama huu, hata kwa mama yake, lakini mama yake asisikie," na kutoka sebuleni sauti ya mwanamume anayejitetea, "Wewe Ndinda, mimi nimesema hivyo?" na Munyiva anaficha kicheko ndani ya leso, na Ndinda anasema kwa nguvu ili wasikie wote wawili, "Mimi ndio simu yenu nyinyi, siku moja chaji itaisha, sijui mtafanyaje," ...hawakufanya kitu, hicho ndicho walichofanya, mwaka mzima hawakufanya kitu, mtoto akipelekwa Kalama shule zikifunga analetwa na Musembi, na neno likiwapo linapita kwa Musembi, na Musembi si Ndinda, Musembi anapeleka neno kavu kama lilivyo, "amesema asante," basi, na kuna neno moja ambalo Munyiva hawezi kumpa Musembi alibebe, neno hilo anatembea nalo, analala nalo, akipiga magoti linatangulia kabla ya Baba Yetu, nalo ni hili tu, je, mwanangu aliniita, mwishoni, aliniita... kwa sababu huyu alikuwapo, huyu mwenye mgongo, na yeye hakuwapo, alikuwa nje, chumba kile cha hospitali kilikuwa kidogo, kitanda na kiti kimoja, mkwe na mkwe hawawezi kubanana humo magoti kwa magoti, kwa hiyo walipokezana, akitoka huyu anaingia yule, na mchana ule Munyiva alimwona Wesley akija kutoka kazini na vumbi la pamba nywele zote, akainuka mwenyewe, akambusu mtoto wake kwenye paji la uso, akasema, "Baba Wayua amekuja, mimi niko hapo nje kwa jua," na Ndinda akasema, "Sawa mami," akafumba macho, sawa mami, hilo ndilo la mwisho alilonalo, anakaa nalo kama mtu aliyepewa punje moja ya mahindi aambiwe apande shamba, akaenda akakaa kwenye benchi la uani, akatoa hata maharagwe ya kuchambua, maana mikono haikai bure, na baadaye mlango ukafunguliwa na Wesley akatoka, akasimama, akamtazama mara moja, halafu akageuka akampa mgongo, mgongo huu huu, akasimama hivyo hivyo kama mti uliopigwa na radi usijue uangukie wapi, mpaka muuguzi alipopita akamwuliza, "Huyu ni mama yake?" na ni muuguzi, mtu baki, aliyekuja akainama mbele ya benchi akasema... na tangu siku ile Munyiva amekuwa akiuweka mgongo ule moyoni, amejaribu kuutua, amefunga na kuomba, lakini unarudi, aliweza vipi, hata kama ni nthoni, aliweza vipi kunigeuzia mgongo na mwanangu ndani hana pumzi, na juzi tu kwenye chai Kasyoka wa kwaya alimsogelea na kikombe, "Mama Ndinda, mwanamume hakai peke yake hivyo, huyo muthoni wako lazima kuna mahali anapikiwa, Syokimau huko, mimi nakuambia tu kwa upendo," upendo wa Kasyoka una pilipili, lakini neno lilimwingia, akamtazama huyu leo kutwa nzima kwa jicho la pembeni, na shati lenyewe limemlegea mabegani, mtu anayepikiwa halegelewi na shati...

"Ndinda, mwambie mami hapo kwa jiwe kuna siafu, asogee."

...na shingo yake imegeuka, Mungu wangu, shingo yake imegeuka yenyewe kumtafuta Ndinda, kulia, kwenye miti, imengoja ule mkwaruzo wa kisigino, kitambaa begani, "Mami, muthoni anasema," ...hakuna mtu, kuna njia na misonobari, na siafu kweli, mstari mweusi unaopita kando ya gogo na kupanda jiwe karibu kabisa na kiatu chake, na huyu kwenye gogo ameshasikia alichosema, kwa sababu mabega yamesimama, kofia imekunjwa ndani ya ngumi, hajisahihishi, na Munyiva anavuta mguu, anasogea kando ya jiwe polepole, anajua wafu hawasemeshwi, mchungaji amefundisha, mama yake mwenyewe aliacha kuwamwagia wazee waliokufa uji siku aliyobatizwa, na kama angejibu sasa kwa njia ile ile, Ndinda mwambie nimesikia, angekuwa amekosea mbele za Bwana, na akijibu bila Ndinda amekosea mbele ya wazee wote waliomlea, waliomfundisha kuingia kichakani mkwe akionekana njiani, sasa mtu afanye nini, lakini huyu hakuita mzimu, hapana, hakuwa na sauti ya mtu anayeita mzimu, alikuwa na sauti ya sebuleni, sauti ya mtu mwenye neno dogo la siafu na ambaye ulimi wake unajua njia moja tu ya kulifikisha, maana yake hata kule nyumbani kwake Athi River, asubuhi, anasema, Ndinda kiberiti kiko wapi, anasema halafu anasimama hivi, mabega hivi, kila siku, na hakuna wa kumwambia, kwa sababu wa kuambiwa ni nani, ni mama aliyemzaa Ndinda, na mama huyo ni mkwe, na mkwe hasemeshwi... na kama ni hivyo basi siku ile pia, mlangoni, siku ile pia, ee Bwana, alitoka na neno kubwa kuliko yote mikononi, akamtafuta wa kulipeleka benchini, na mjumbe wao alikuwa mmoja tu, na mjumbe ndiye aliyekuwa neno lenyewe, angefanya nini zaidi ya kugeuka, mtoto wa watu, na vumbi la pamba nywele zote, angeulilia uso wa mkwewe, hakufundishwa, hata yeye Munyiva hakufundishwa, walikaa wote wawili na msiba mmoja kila mtu na upande wake wa ukuta kama watu wasiojuana, na sijui hata kama aliniita, na hata kama hakuniita, huyu anajua alivyolala, mkono wake ulikuwa wapi, kama alikuwa na baridi, anayo mambo hayo yote ameyabeba mwaka mzima juu ya shati lililolegea, na hajapata pa kuyatua, na mimi nilidhani ananinyima... huko juu kwenye kona Wayua amepiga kelele, "Susu! Iko! Iko na theluji!" na Musembi anamcheka, "Hilo ni wingu, wewe," "Si wingu, anko, angalia vizuri!" na siafu wanapanda jiwe, na ukungu bado haujaondoka wote ng'ambo ya Kalama, na mgongo uko palepale kwenye gogo, haujageuka, na Munyiva anafungua kinywa, anatafuta jina ambalo hajalitamka tangu mtu huyu aingie ukoo wake, mara zote amekuwa baba Wayua, muthoni, huyo, anamwomba Mungu amsamehe kama kuna la kusamehewa, na wazee nao kama wanataka mbuzi wa faini watapewa mbuzi, na jina linatoka dogo, limepasuka katikati, lakini linatoka.

"Wesley," anasema. "Niambie mwenyewe."