Mama Mkwe Mezani

Maiti ya Waithira iliharibika, na aliyeiharibu ni mkwewe Mutahi, mtu aliyesifiwa Nyeri nzima kwa kutunza maiti.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Mutahi alifanya kazi katika chumba cha maiti cha hospitali ndogo ya misheni nje ya mji. Jokofu halikuwepo. Palikuwa na meza ya saruji, mpira wa maji, ndoo na madumu ya fomalini, basi. Waithira alipofariki, ukoo ulikubaliana angojwe mwanawe Kingori, aliyekuwa akisoma Bara Hindi. Kagure, mke wa Mutahi, aliwatuliza ndugu zake, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao: Baba Wachuka yuko pale, mama hataharibika.

Na kazi Mutahi aliijua. Mtu akifa, vijidudu alivyoishi navyo, hasa vya tumboni, hukosa wa kuvizuia, vikaanza kula nyama. Fomalini huishika ile nyama na kuifunga, ikakaza kama ute wa yai lililochemshwa. Vijidudu vingi hufa, na vinavyobaki haviwezi kuila upesi. Udongo utachukua chake tu, ila utachelewa. Lakini moyo umesimama, na dawa haitembei yenyewe. Unaisukuma kwa mshipa wa shingo, damu inatokea kwa mshipa mwingine, huku unakanda mikono, mapaja na miguu mpaka dawa ifike vidoleni. Kisha unalichoma tumbo kwa sindano ndefu, unanyonya maji na hewa, unalitilia dawa yake kali.

Yote hayo yanataka mwili ulio uchi. Mutahi alilelewa Mukurweini, ambako mwanamume akimwona mama mkwe njiani humpisha, yeye akaingia majanini. Hakuwahi hata kumwona Waithira bila kitambaa kichwani.

Mwenzake wa kazi, Salim, Mwislamu wa mtaa wa Majengo, aliliona hilo mapema.

"Mutahi, huyu ni mkwe wako. Toka nje uvute sigara, nitamfanya mimi."

"Ati umvue nguo wewe? Na nyumbani nitasema nini?"

"Basi utamtia dawa ukiwa umefumba macho?"

Mutahi akamwambia aende akanywe chai.

Alimfunika Waithira shuka mpaka kidevuni. Akafungua mshipa wa shingo, akasukuma dawa. Ilipofika zamu ya kukanda, aliweka mkono juu ya shuka, penye goti, akautoa kama aliyegusa jiko. Sindano ndefu aliiosha ikiwa bado safi, haijatumika, akaitundika. Salim aliporudi aliambiwa kazi imekwisha.

Siku zilizofuata angeweza kuinua shuka akaangalia. Hakuinua. Alipoanza kusikia harufu, aliinyunyizia shuka fomalini, akafungua dirisha.

Kingori alifika Ijumaa. Kagure alikuja naye, amebeba gauni la mama yake la kanisani, ili avikwe. Salim aliinua shuka kabla hawajaingia, na papo hapo akairudisha. Tumbo lilikuwa limevimba, limekuwa la kijani, na hewa imepanda hadi usoni. Hakumlaumu mwenzake. Alimwambia tu amwite seremala aje na misumari, jeneza lifungwe.

Kagure alisimama mlangoni na gauni mkononi. Harufu ilikuwa imeshamweleza.

"Baba Wachuka," alisema polepole, "wageni wote umewatunza. Mbona mama yangu akakushinda?"

"Nilimheshimu."

"Si ungemwachia Salim?"

Mutahi alimpita pale mlangoni, akaenda kumwita seremala.

Walimzika Mukurweini, leso zikiwa puani, mchungaji akikata maombi nusu. Kingori alisafiri kutoka Bara Hindi kuja kuona mbao. Kagure hakumwona mama yake mara ya mwisho, na gauni la kanisani lilirudi nyumbani, likakaa sandukuni bila kuvaliwa na mtu. Watu wa Mukurweini wakaanza kupeleka maiti zao kwingine. Na nyumbani Kagure aliendelea kumpikia mumewe na kumfulia, ila chakula alimwekea mezani, akaenda kula jikoni peke yake, mpaka uzeeni.