Ardhi ya Mbele ya Duka la Naseeb

Khatibu hakuwa na koti la baridi. Hakuwa na Kizulu, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na subira na watu waliomwita babu kabla ya kumsalimia. Hakuwa na kaburi la mdogo wake, wala hakuwa na hakika kama kaburi lipo. Zaidi ya yote hakuwa na shahidi, na shahidi ndiye aliyemtoa Tanga uzeeni, akapanda basi baada ya basi mpaka Johannesburg.

Mdogo wake, Naseeb, alikuwa na duka Diepsloot, duka dogo la mtaani ambalo watu wa huko huliita spaza. Mwezi wa Aprili simu yake iliacha kuita. Tanga, mkewe Zabibu aliendelea kuiweka yake chaji. Kadhi hakuweza kumwambia akae eda, kwa sababu hakuna aliyesema mumewe amekufa. Wala hakuweza kumwambia amsubiri, kwa sababu hakuna aliyesema yu hai.

"Niletee mtu mwadilifu aliyeona," kadhi alimwambia Khatibu. "Na siku. Siku ni muhimu, maana hapo ndipo nitakapoanza kumhesabia."

Khatibu alifikia kwa Emery, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa geti huko Midrand. Emery alikuwa na chumba Diepsloot na alizoea kununua mkate kwa Naseeb. Siku ya kwanza alimfundisha mgeni wake kusimamisha teksi. Kidole juu ni safari ya mjini. Kidole chini ni safari fupi ya hapa hapa.

"Usitoshe mukono yote, Papa," alisema. "Kidole moja tu. Ukitosha yote, batakupeleka mbali na batakuacha kule."

Duka lilikuwepo. Mlango ulikuwa umepakwa rangi mpya na juu yake pameandikwa jina la Sello. Sello alikuwa mwanamume mnene mwenye adabu ya kibiashara. Alisema alilikuta tupu, na mtu akikuta kitu tupu hukijaza. Khatibu alipita nyumba hadi nyumba, Emery akimtafsiria. Mtaa mzima ulisema siku Naseeb alipotoweka ulikuwa kazini, pamoja na wale wasiokuwa na kazi. Kijana mmoja alimwita kwerekwere, neno wanalowaitia wageni wasiotakiwa, akamshauri arudi kwao kabla hajaulizwa karatasi. Polisi walimwambia kuwa bila shahidi, jalada la Naseeb lingefungwa mwisho wa mwezi.

Emery hakutaka kumwacha peke yake chumbani baada ya maneno ya yule kijana, kwa hiyo alikwenda naye kazini.

Geti alilolinda lilikuwa la hekalu la Kibudha, kati ya bohari la matairi na ukuta wa nyumba za matajiri. Juu ya geti palikuwa na gurudumu la dhahabu na paa wawili waliolala, mmoja kila upande. Khatibu aliliona bohari, akaliona gurudumu, akawaona paa, akahitimisha kuwa wenye matairi huuza pia nyama ya porini.

Ndani hakupapenda. Alivua viatu, jambo alilolijua, akakuta kamera inayolinda rafu ya viatu, jambo ambalo msikitini kwao lingewaokoa wengi. Palifukizwa udi wa bei rahisi. Mayungiyungi yalikuwa ndani ya beseni la saruji, maua yamefumba. Mbele ya sanamu palipangwa bakuli za maji ambayo hayakunywewa na mtu, na matofaa yenye vibandiko vya supamaketi. Sanamu yenyewe ilikuwa ndefu kuliko mlango, imepakwa dhahabu, imeketi imekunja miguu. Mkono wa kushoto umelala mapajani, wa kulia umepita juu ya goti, vidole vinagusa chini. Khatibu alikuwa mtu wa sala tano, hakuwa na haja na sanamu. Aliketi sakafuni akanyoosha miguu iliyochoka.

Alikuja mtawa, mwanamke wa Taiwan mwenye kichwa kilichonyolewa.

"Kunja miguu," alisema kwa Kiingereza. "Nyayo zako zinamtazama."

"Na zake zinanitazama mimi," alisema Khatibu.

Ilikuwa kweli. Nyayo za sanamu zilikuwa zimegeuka juu, safi, na zilimwelekea yeye. Mtawa hakucheka.

"Mwambie mama huyu kuwa teksi haziingii ndani," Khatibu alimwambia Emery, akionyesha vile vidole vya chini. "Huyu anakwenda hapa karibu tu."

Emery alicheka, kisha akaukumbuka mshahara wake, akaacha, akatafsiri.

"Hasimamishi teksi," alisema mtawa. "Anaita shahidi."

Khatibu alikunja miguu.

Mtawa alieleza kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwaeleza hayo wanafunzi wengi watukutu. Huyu aliketi mahali akitafuta ukweli. Mwovu akaja na jeshi lake, akasema kiti hicho ni changu na jeshi langu lote linanishuhudia. Wewe nani anakushuhudia? Hakuwa na mtu. Akaigusa ardhi, na ardhi ikasema kuwa inamjua.

"Kwa sauti?" Khatibu aliuliza.

"Kwa sauti."

"Ikakubaliwa?"

"Jeshi liliondoka."

Khatibu alifikiri. "Kwetu pia itasema," alisema. "Lakini siku ya mwisho."

"Hilo ni lenu. Ila ukitaka kuiuliza, usiiulize hapa," alisema mtawa. "Kiwanja hiki tunakigombania na jirani mahakamani."

Akaondoka kubadili maji ya bakuli.

Jumamosi asubuhi Khatibu alikwenda na Emery mbele ya duka. Alitandika gazeti kando ya barabara, akaketi, akakunja miguu kadiri magoti yalivyomruhusu, akapitisha mkono wa kulia juu ya goti na kuigusa ardhi. Teksi ikasimama papo hapo.

"Local? Panda, mkhulu, panda!" dereva alimwita, akimpa heshima ya babu.

Khatibu hakupanda. Dereva alimtukana mama yake akaenda zake. Teksi ya pili ilisimama, ikatukana, ikaondoka. Ya tatu ilipoondoka, ardhi ilisema kitu kwa Kizulu.

"Inasema nini?" aliuliza Khatibu.

"Inauliza shida yako ni nini," alisema Emery.

"Iambie nimekuja kwa habari ya Naseeb, na iseme Kiswahili."

Haikuhitaji kuambiwa. Ilikijua Kiswahili, tena cha Tanga, cha Chumbageni, kwa kuwa ilijifunza kwa Naseeb mwenyewe, ambaye kila asubuhi alifagia mbele ya duka huku akiongea peke yake. Ilivuta maneno kama yeye. Haikupaza sauti, ilisema kama mtu aliyezoea kukanyagwa.

"Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Aprili, yakhe," ilisema. "Ametoka kuswali. Wakaja watatu: Sello, mpwa wake, na yule mwenye bakie nyeupe, hiyo pikapu. Walitaka funguo, hakuwapa. Sello akampiga kwa nondo ya geti. Alianguka hapo ulipotandika gazeti, wakamvuta ndani. Jua lilikuwa halijazama alipokata roho. Kesho yake wakamwaga zege. Yumo chini ya friji ya soda."

Khatibu alilitoa gazeti, akalikunja.

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Sikuulizwa."

Kisha ilirudia maneno yale yale kwa Kizulu na kwa Kisotho, kwa ajili ya watu waliopanga foleni ya mkate. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alitikisa kichwa.

"Eish, ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Hata ile nondo. Mimi nilimwambia mume wangu siku ile ile." Akamwambia aliye mbele yake asogee.

Mzee mwingine alilalamika kuwa madereva sasa wamekasirika na hawatawasimamia watu wenye safari za kweli.

Sello alitoka akijifuta mikono. Aliitazama ardhi, akamtazama Khatibu.

"Hiyo ni ardhi ya manispaa," alisema. "Haina ruhusa ya kuzungumzia mambo ya ndani ya duka langu. Na wewe, ukimaliza kupiga soga na mavumbi, ondoka hapo. Unawazibia wateja njia."

Ardhi ilikuwa imemaliza.

Kituo cha polisi kilitaka shahidi afike mwenyewe kaunta, kwa hiyo Khatibu alijaza ndoo kwa ardhi ile. Konstebo wa zamu alikuwa mwanamke mwenye mwandiko mzuri.

"Jina la shahidi?"

"Ardhi."

"Ya wapi?"

"Ya Diepsloot. Ya mbele ya duka."

"Kitambulisho?"

Ndoo ilisema haina kitambulisho, lakini ilikuwepo kabla ya mtaa, na kabla ya kituo.

"Kila anayesimama kwenye kaunta hii anasema alikuwepo kabla," alisema konstebo, akaandika: hana karatasi.

Hakuwa mvivu. Alisikiliza maelezo yote, akayaandika, akaisomea ndoo, na ndoo ikasahihisha jina la mpwa wa Sello. Alipofika mahali pa sahihi alisimamisha kalamu. Shahidi asiye na karatasi hawezi kutia sahihi. Bila sahihi hakimu hatoi kibali. Bila kibali hakuna wa kulivunja zege la mtu.

"Kwa nini hukuleta binadamu?" aliuliza.

"Siku hiyo walikuwa kazini."

Konstebo alikubali kwamba hilo hutokea. Alilifunga jalada, akaliweka juu ya majalada mengine yaliyofungwa. "Ondoa ndoo, mzee, inachafua sakafu," alisema. "Na pasi yako ina muhuri wa siku tisini. Nimeuona."

Ilibaki sala. Sala ya maiti haina rukuu wala sijida. Mtu huiswali amesimama wima, na asiyejua hawezi kutambua kuwa anaswali. Asubuhi moja Khatibu alitawadha chumbani kwa Emery, akaenda kupanga foleni ya mkate. Foleni ilielekea kaskazini, na kutoka Johannesburg kibla kiko kaskazini, kimelalia mashariki kidogo. Friji ya soda ilikuwa mbele yake, nyuma ya Sello, ikinguruma. Khatibu aliinua mikono akaleta takbira ya kwanza kwa sauti ya chini, akaifunga mikono kifuani. Kati ya ya pili na ya tatu mtu wa nyuma alimgusa bega.

"Sogea, mkhulu."

Alisogea hatua moja bila kugeuza uso. Alileta ya tatu, akamwombea Naseeb kwa jina lake na kwa jina la mama yao. Baada ya takbira ya nne alikuwa amefika kaunta.

"Mkate?" Sello aliuliza.

Khatibu aligeuza uso kulia. "Assalamu alaykum wa rahmatullah," alisema.

"Anayefuata," alisema Sello.

Aliyefuata alikuwa Emery. Alinunua mkate, kwa sababu maduka mengine ya karibu yalikuwa yamechomwa, na akalipa bila kumtazama muuzaji. Njiani alimmegea Khatibu. Khatibu alikataa, akala zabibu kavu alizotoka nazo nyumbani.

Hakurudi Tanga. Alisema mtu hamwachi ndugu yake chini ya friji ya watu na kwenda zake. Angeketi mbele ya duka kila Jumamosi mpaka muhuri wake uishe, na teksi zitukane zitakavyo. Lakini Zabibu hakuweza kungoja hayo, na habari ya namna ile haipelekwi kwa simu. Samira, mfanyabiashara wa Tanga aliyekuja kununua mablanketi, alikuwa anarudi kwa basi. Khatibu alikwenda kituo cha mabasi akiwa na bahasha iliyokuwa bado wazi, akaketi juu ya furushi moja la Samira na kumalizia kuandika.

"Zabibu, mke wa ndugu yangu. Naseeb alifariki Ijumaa ya mwisho ya Aprili, kabla ya magharibi. Ameuawa. Waliomuua wapo na wanauza mkate. Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari, muulize kadhi. Kwa hiyo miezi yako minne na siku kumi zilikwisha Septemba, umezikaa bila kujua. Ile harusi ya Julai uliyokwenda na hina na manukato, hukutenda kosa. Usiiweke tena simu chaji kwa ajili yake. Shahidi nimemtia ndani ya bahasha hii, na Kiswahili anakijua. Kabla ya kumpeleka kwa kadhi, kaa naye kwanza peke yako chumbani, kwa sababu ya sauti, huvuta maneno kama Naseeb. Shemeji yako, Khatibu."

Samira alikuwa akihesabu mafurushi. Alisimama akatega sikio.

"Kaka Khatibu, mbona barua yavuma?"

"Ni mchanga."

"Mchanga wa nani?"

"Wa Naseeb."

Samira alifungua mkoba wake, akaiondoa pochi kutoka mfuko wa ndani, mahali pa salama zaidi.

"Mpakani hawaruhusu mchanga," alisema. "Wakiukuta nitawaambia ni hiliki ya kusaga. Lakini uusihi ukae kimya."

"Nitausihi."

Dereva aliwasha injini. Khatibu alilowesha gundi ya bahasha kwa ulimi. Ndani, ardhi ilikuwa imeanza tena tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, na ilikuwa inaeleza jinsi Naseeb alivyokuwa akifagia asubuhi na jina la mwanamke alilokuwa akilitaja. Alisubiri imalize sentensi. Kisha akaibana bahasha kwa kidole gumba, mwanzo hadi mwisho, akampa Samira, naye akapanda nayo.