Marumaru ya Adérito

Kaka yangu Adérito anachonga mawe, na kama wachonga mawe wote wa mji wetu wa Estremoz, anaamini hakuna shida duniani isiyotatuliwa kwa kipande cha marumaru. Jumatatu niliingia karakanani nikakuta meza yangu inang'aa kama kaburi la tajiri. Ubao wangu wa msonobari haukuwepo.

"Ubao uko wapi?"

"Ule mchafu? Tumeufanya kuni za soseji," akasema, meno yote nje. "Nimekusugulia jiwe hili siku tatu, dada. Jitazame, unajiona mpaka pua!"

Pua yangu naijua. Ijumaa nilitakiwa kumpelekea Dona Leocádia, fundi mkuu, wanasesere watano wa udongo, wabichi, kabla ya tanuri. Asipowakubali, siitwi fundi. Naendelea kuwapondea wengine udongo mwaka mzima tena.

Nikatandaza udongo juu ya jiwe, nikakata sketi ya mwanasesere wa kwanza, nikaiinua. Nusu ikaja, nusu ikang'ang'ania kama mgeni aliyenusa supu. Ubao mkavu hunywa maji, udongo huachia wenyewe. Jiwe lililong'arishwa halinywi kitu. Nikanyunyiza vumbi la udongo: pindo zikapasuka. Nikatandika shuka: kila kunjo likajichora. Kufikia Jumatano nilikuwa na sketi kumi na moja zilizochanika, na hasira ya kuwashia tanuri.

Adérito akachungulia. "Labda ni mikono yako. Marumaru haina kosa."

Nikachukua bisibisi, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha mvinyo. Mlango wake ni wa msonobari mtupu, haujawahi kuona rangi.

"We Zulmira! Unafanya nini?"

"Nachagua ubao."

"Mvinyo wangu utapigwa na jua!"

"Uzibie marumaru. Si haina kosa?"

Alibweka mpaka mkewe, Custódia, akatoka. Akatazama bawaba chini, akamtazama mumewe. "Unasimama tu? Mshikie upande wa pili, mzito huo."

Alhamisi sketi tano zilitoka nzima. Ijumaa Dona Leocádia alipitisha ukucha chini ya kila moja, halafu akasema, "Huyu wa mwisho ana shingo ya bata. Lakini sketi ni za fundi."

Adérito alikuja jioni kuomba mlango wake. Nilimwambia aje nikishapoa.

Sijapoa.