Mwekundu wa Ghala la Mahindi

Je, wewe umewahi kuchaguliwa nyoka na mtoto uliyemzaa mwenyewe? Mimi nimewahi, mchana kweupe, katika ukumbi wa maonyesho ya mifugo hapa kwetu Carolina Kusini, watu wakitafuna karanga za kuchemsha.

Nilikuwa nimeshaamua. Tangu mume wangu Harlan afariki, nyumba ilikuwa kimya mno, na paka hunipigisha chafya. Nilitaka nyoka wa kukaa nami sebuleni. Mwanangu Dewitt, ambaye gereji yake imejaa chatu kwenye masanduku, alifurahi kupita kiasi.

"Niachie mimi, Mama. Nitakuchagulia jike la maana. Akikua tunamzalisha."

"Mimi nilishafunga uzazi, Dewitt."

Akacheka, lakini hakusikia.

Kwenye kila meza tulinyunyiziwa spiriti ya kuua vijidudu mikononi kabla ya kugusa nyoka. Vitoto vya nyoka vilikuwa ndani ya vikopo vya plastiki, na juu ya kila kifuniko jina la rangi: Ndizi, Theluji, Siagi. Nilisimama kwenye meza ya pembeni, penye nyoka wa mahindi, wale wasio na sumu wanaowinda panya maghalani. Dewitt akanivuta kiwiko.

"Hao wa kawaida, Mama! Hao wamejaa vichakani, bure!"

Akanipeleka kwa Lurleen, mama mmoja muuza chatu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Mama huyo akanipakatisha chatu jike, wa dhahabu, mwenye mistari myeusi myembamba kama utando wa buibui. Mzuri, sikatai. Mzito pia, viganja vyangu vililalamika. Kisha kichwa chake kikaenda upande, kikatazama dari, kikatikisika polepole kama cha mtu anayetafuta neno lililompotea.

"Anaumwa?"

"Hapana, bibi," Lurleen akasema. "Chatu wenye michoro hiyo huzaliwa na kichwa cha kutikisika hivyo. Kwa wengine kidogo, kwa wengine zaidi."

"Na watoto wake?"

"Kama nusu yao hivi."

"Ila anakula vizuri, Mama!" Dewitt akadakia. "Kichwa si kitu."

Kichwa hicho nilikijua. Harlan alitikisika hivyo miaka yake ya mwisho, nikawa namshika kidevu ili kijiko cha supu kifike mdomoni. Nilimpenda na kichwa chake. Lakini hakuna aliyekiagiza kwa ajili ya urembo. Nikamrudisha yule jike taratibu, nikihakikisha mkia wote umeingia.

"Sitazalisha kichwa hiki kwa sababu ya michoro, mwanangu."

"Basi tumwone yule mweupe..."

"Dewitt."

"Au yule wa Siagi, bei yake..."

"Dewitt, nyamaza kidogo."

Akakaza taya kama baba yake. Lurleen akajifanya anafuta meza. Nami nimelea watoto, najua kusubiri. Mwishowe akashusha pumzi.

"Haya, Mama. Wewe unataka yupi?"

Nilirudi hadi meza ya pembeni, naye nyuma yangu. Nikanyunyiziwa spiriti tena, nikamtoa nyoka mchanga wa mwaka mmoja, mabaka yake mekundu kama tofali, tumbo la miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Mwepesi kama mshipi wa gauni. Akajipitisha katikati ya vidole vyangu, akatulia.

"Namtaka huyu," nikasema. "Mwekundu wa kawaida, kama wale waliolinda ghala la mahindi la mama yangu. Atakaa sebuleni kwangu, na gereji yako hataiona hata siku moja."