Kanuni ya Kusubiri

Daktari wa tezi la shingo aliketi upande wa meza asiouzoea, ule wa mgonjwa, na kiti kikamuuma mgongo. Miaka yote ile aliyowaketisha watu hapo, hakujua ni kibovu kiasi hicho.

"Meza maji, Mwalimu," alisema mwanafunzi wake wa zamani, aliyesimama nyuma yake, vidole vikimgusa koo taratibu. Siku hizi ndiye mkuu wa kliniki na ana upara unaong'aa, lakini kwa huyu mama bado alikuwa Kijana.

"Shusha vidole. Hapo unapapasa hewa."

"Vimeshashuka. Wewe meza tu."

Akameza.

Mama Shingo, ndivyo walivyomwita tangu wafagizi hadi wakubwa, alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Kitabu chake cha mwisho kilibakiza sura moja, na kila akishika kalamu usingizi unamwangusha. Mumewe alimtania: "Zamani nilikubembeleza ulale, hulali. Sasa nakubembeleza uamke." Mwenyewe alishajua, kama fundi anavyojua mlio wa mashine yake, kwamba tezi lake limeanza kuzembea. Alichofuata pale ni vidonge, basi. Vimpe nguvu amalize ile sura kabla hajamalizika yeye.

Kijana aliketi, akatazama majibu kwenye kompyuta. "Homoni ya tezi kwenye damu imepotoka kidogo. Kidogo sana."

"Niandikie vidonge, basi."

"Tusubiri miezi mitatu, tupime tena."

"Upuuzi huo kausema nani?"

"Wewe, Mwalimu."

Muuguzi aliyekuwa akipanga chupa za damu pembeni akajifanya anakohoa.

Ni kweli, aliusema. Ndio utafiti uliompa jina. Alifuatilia wazee miaka na miaka, akaonyesha kuwa wengi ambao damu yao imepotoka kidogo hurudi sawa bila dawa, na wanaokimbiziwa vidonge, moyo huwaenda mbio, wengine wakaishia kulazwa. Watu walimpinga, wakamcheka, mwisho wakanyamaza. Kanuni ikaingia vyuoni. Wanafunzi wakaikariri, wakaenda kuwafundisha wanafunzi wao, mpaka ikafika mahali yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga.

"Moyo wako unarukaruka," alisema Kijana. "Nikikupa hivyo vidonge nitakuua."

"Usitie chumvi."

"Haya, nitakulaza wodini."

"Nimebakiza sura moja, mwanangu. Moja! Nakuomba kama mgonjwa, si kama mwalimu wako."

Kijana alikuna upara wake. Kisha akamsogezea karatasi ya dawa na kalamu. "Jiandikie. Leseni unayo. Mimi hapa sioni kitu."

Mama Shingo aliishika kalamu. Hakuna wa kumzuia. Lakini walimjia akilini wale akina mama waliowahi kuketi hapo alipo, wakasema, "Daktari, nimechoka," naye akawapigapiga begani: ni umri, mama, umeshakula chumvi nyingi, rudi baada ya miezi mitatu. Akijiandikia leo, basi kanuni ilikuwa ya wao tu. Akairudisha kalamu mezani.

"Tulihesabu mapigo ya moyo," alisema. "Uchovu je, tuliwahi kuwauliza?"

"Ulituambia uchovu haupimiki. Darasa zima likacheka."

"Nilisema hivyo?"

"Tena umeshika kiuno."

Alicheka, kicheko kisichofika mbali. "Sawa. Nitasubiri. Na hiyo sura siimalizi, tusidanganyane. Iandike wewe. Nilichokianza kitupe kule. Andika hao wanaosubiri, wanasubirije."

Kijana alimwomba muuguzi awatake radhi walio kwenye foleni, kisha akavuta kiti chake akaja kuketi upande wa mgonjwa, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Basi tuanze na wewe. Umechoka vipi?"

Mama Shingo alikuwa na maneno ya kitaalamu tele, akayaacha yapite.

"Asubuhi navaa viatu," alisema mwishowe. "Nikishavaa kimoja, lazima nipumzike."

"Na cha pili?"

"Cha pili ananivalisha mzee wangu. Anafanya mzaha, ananiita bibi harusi. Lakini akishafunga kamba, hainui uso."

Huko nje foleni ilishaanza kunung'unika. Kijana aliinuka, akasukuma mlango ukajifunga, akarudi kuketi.

"Endelea, Mwalimu."