Tope la Watani

Basi lilikuwa limeshaiacha stendi ya Dodoma, na Mwanne kaipakata ndoo yake kama mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na tumbawe lililokufa, limegandwa na tope jekundu. Mwanne ni Mzigua wa Saadani, anachokoa pweza kwenye mwamba wa matumbawe maji yakipwa. Mwamba ukifa, hana kazi nyingine. Mimi, niliyelala karibu kila kijiji kati ya Bahi na bahari, nilikuwa nampeleka kwa wanaolima kingo za Kinyasungwe, mto unaokwenda kuwa Wami na kumwaga tope kwao.

Tuliwakuta kikaoni, ofisi ya kijiji. Sasa, Wagogo wa pale na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Mtani husema lolote, na hakuna anayemchukulia kweli.

"Shikamoo, mwenyekiti," Mwanne akasema.

"Marahaba, mla ngisi!" Gerson akajibu. "Umetuletea nini?"

"Udongo wenu."

Kicheko.

"Mmeuiba siku zote, leo ndiyo mnaurudisha!" akasema Emilia, mwenye bustani ya vitunguu ukingoni kabisa. "Mwaga hapo nipande mtama."

"Dada, sitanii. Tumbawe ni kiumbe hai. Tope likilifunika linakosa mwanga, linakufa, na pweza anahama. Rudini nyuma kidogo tu, miti iote ukingoni. Mvua bado hazijaja, muda upo."

"Tuhame shamba, pweza apate pa kulala?" Gerson alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Mwanne akalia. Kilio chenyewe, cha kwikwi. Wakampigia makofi, maana mtani hodari hulia hivyohivyo msibani, kwa kuigiza.

Nikasimama. "Jamani, huyu hatanii!"

"Na wewe kwenu wapi, mzee?" Gerson akaniuliza. " Mtu asiye na kwao anamtolea nani ushahidi?"

Emilia akaleta kuku. Ndiyo desturi: mtani akishapokea chake, maneno yake yamekwisha. Mwanne, kwa mazoea, akanyoosha mikono miwili. Nilimwona uso alipogundua kuwa kuku kashamfunga mdomo. Gerson alikuwa ameshahamia habari za choo cha shule.

Mvua zikaja Desemba. Ukingo ulimeguka, bustani ya Emilia ikaenda na maji. Sasa anachimba mchanga wa kuuzia wajenzi wa Msalato. Gerson alichaguliwa tena. Mwamba wa kina Mwanne umefunikwa wote. Yeye anauza chapati Area D, Dodoma mjini, kwa shangazi yake. Mimi niko kijiji cha Busi, nachunga mbuzi wa watu.